Ufa wa Simu Hauzibwi kwa Kufuta Tangazo

Kuna maneno machache ambayo siku hizi hujitokeza kwenye kioo cha simu bila kuitwa. Yanasema kwamba kuna sasisho jipya la mfumo, na yanauliza kama lipakuliwe sasa au baadaye. Wengi wetu hubonyeza "baadaye". Yakija tena kesho, tunabonyeza "baadaye". Wengine wameshajifunza namna ya kuyazima yasije kabisa. Leo naomba tuyazungumze maneno hayo, maana nyuma yake kuna jambo linalogusa fedha, siri na heshima ya mtu, awe anaishi Kariakoo, Mwanjelwa, Ngamiani au kijijini Kinole.

Nimeitaja Kinole kwa makusudi. Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Matombo, ukapita Bigwa na Kiroka, kisha ukaacha barabara kuu na kupanda milima ya Uluguru upande wa mashariki, utafika huko. Ni nchi ya ndizi, mananasi, mafenesi, pilipili manga na mdalasini. Ndiko yaliko makao ya Kingalu, chifu wa Waluguru aliyesifika tangu enzi kwa kuomba mvua. Zamani mnunuzi wa matunda alipanda mlima na fedha mfukoni. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, na huduma nyingine kama hiyo zikafuata, fedha hupanda mlima kwa simu. Kwa hiyo simu siyo tena chombo cha kujuliana hali tu. Ni pochi, ni daftari la madeni, na kwa kikundi cha kuweka na kukopa ni kasha la fedha za watu.

Nilipokuwa huko nilizungumza na mama mmoja, mweka hazina wa kikundi. Alikuwa na simu janja aliyoinunua ikiwa imeshatumika, kwa bei aliyoimudu. Tuliifungua sehemu ya mipangilio, tukaenda panapoandikwa habari za simu yenyewe, tukaitazama tarehe ya marekebisho ya usalama. Ilikuwa ya mwaka 2019. Kisha tukabonyeza mahali pa kutafuta sasisho. Simu ikajibu kwamba mfumo wake umeshasasishwa. Mama yule akatabasamu, akaniambia, "Unaona, kaka? Simu yangu haidaiwi kitu."

Ndugu msikilizaji, simu ile haikusema uongo, ila ilisema nusu ya ukweli. Ilichomaanisha ni kwamba hakuna sasisho jingine lililotumwa kwa ajili yake na mtengenezaji. Haikumaanisha kwamba kasoro zote zilizogunduliwa tangu mwaka 2019 zimeondolewa. Ni kama mtu anayekwambia hana barua yako mkononi. Huenda kweli hana, lakini sababu ni kwamba aliyekuwa akikuandikia ameacha kuandika.

Sasa tuulize, hicho kinachosasishwa ni nini? Kila kompyuta, na simu janja ni kompyuta kamili, ina programu kuu inayoiendesha, ambayo wataalamu huiita mfumo wa uendeshaji. Ndani kabisa ya mfumo huo kuna sehemu inayoitwa kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, ndicho kinachoruhusu programu kugusa kamera, kipaza sauti, laini ya simu na mahali pa kuhifadhia picha. Programu ya muziki haiwezi kwenda yenyewe kusoma ujumbe wako wa benki. Hapana budi ipite kwa kiini, na kiini kinauliza, wewe ni nani na umeruhusiwa na nani? Kila programu imewekwa katika chumba chake, na mwenye funguo za vyumba vyote ni kiini.

Ikiwa mwenye funguo ana kasoro, mambo yanageuka. Programu ndogo iliyoingia kama mgeni, labda mchezo wa watoto au tochi uliyoipakua mahali pasipojulikana, ikiujua ufa ulioko kwenye kiini, inaweza kujifanya ndiyo mwenye nyumba. Ikifika hapo haiombi tena ruhusa. Inaweza kusoma unachoandika, ikiwa ni pamoja na namba yako ya siri, na inaweza kujificha usione hata jina lake. Kufuli la kwenye kioo, alama ya kidole na nywila ndefu havisaidii sana, kwa sababu vyote hivyo vinasimamiwa na yule yule aliyekwisha kutekwa.

Hapa sina budi kuweka mpaka, tusije tukachanganya mambo. Anayekutumia ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii" hatumii ufa wowote wa kiini. Anatumia haraka zako. Hali kadhalika zile programu za mikopo ya mtandaoni ambazo zimewadhalilisha watu kwa kuwapigia ndugu na wakwe zao. Benki Kuu ya Tanzania ilizitaja programu 69 zisizo na leseni mwezi Novemba 2024. Nyingi za namna hiyo hupata majina ya watu wako kwa sababu mwenye simu alibonyeza "ruhusu". Huo ni mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba. Sasisho halimzuii mtu kufungua mlango wake. Ninalolizungumzia leo ni tundu ambalo mwenye nyumba hakulitoboa, halioni, na hawezi kuliziba kwa mkono wake.

Mtu atauliza, kwa nini kiini kiwe na matundu? Hivi watengenezaji hawajui kazi? La hasha. Simu za Android, ambazo ndizo nyingi kwetu, zinatumia kiini kiitwacho Linux. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Leo kinaandikwa na maelfu ya wahandisi wa nchi mbalimbali, na kina zaidi ya mistari milioni 30 ya maelekezo. Katika kazi kubwa namna hiyo, kuteleza hapa na pale ni jambo lisiloepukika. Nyumba yoyote itapata ufa. Mwenye nyumba mzuri hujulikana kwa namna anavyoukagua ukuta wake na muda anaochukua kuziba.

Nitatoa mfano mmoja. Mwezi Oktoba 2016 lilitangazwa tundu katika kiini cha Linux lililopewa jina la Dirty COW. Tundu hilo lilikuwa limekaa humo tangu mwaka 2007, yaani miaka tisa. Liligunduliwa na Phil Oester baada ya kuona linatumiwa na wavamizi kwenye seva. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba vitendo viwili vikishindana kwa kasi juu ya kipande kimoja cha kumbukumbu, mtu asiye na ruhusa aliweza kuandika mahali alipotakiwa asome tu. Torvalds mwenyewe alieleza kwamba aliwahi kujaribu kulirekebisha jambo hilo miaka 11 kabla, lakini marekebisho yale yakaondolewa kwa kuwa yalileta tatizo jingine. Mwaka 2017 watafiti walikuta programu haramu za Android zinazolitumia tundu hilo hilo kuteka simu. Kiraka kilikuwa kimeshatoka karibu mwaka mzima. Waliotekwa ni wale ambao kiraka hakikuwafikia.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hatulifikirii. Siku kiraka kinapotangazwa, mwizi naye huonyeshwa ufa ulipo. Kiini cha Linux kiko wazi, kila mtu anaweza kusoma kilichobadilishwa. Mtaalamu mwema akisoma kiraka anasema, hapa pamezibwa. Mtaalamu mwovu akisoma kiraka hicho hicho anasema, kumbe palikuwa wazi, ngoja niwatafute ambao bado hawajaziba. Kwa hiyo kubonyeza "baadaye" siyo kubaki ulipokuwa jana. Jana tundu lako lilijulikana na wachache. Leo limetangazwa dunia nzima, nawe bado hujaliziba.

Tuliliona jambo hili kwa macho mwaka 2017, safari hii kwa kompyuta za Windows. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika sehemu ya mfumo inayoshughulikia kupeana mafaili kwenye mtandao, sehemu inayofanya kazi ndani ya kiini. Mwezi Aprili, silaha ya kulitumia tundu hilo, iliyotengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani la NSA, ikavujishwa hadharani. Tarehe 12 Mei kikazuka kirusi kilichoitwa WannaCry. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fidia ya dola 300. Kwa siku chache kilienea katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi kama 150. Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Na kumbuka, kiraka kilikuwepo siku 59 kabla. Hakukuwa na uhaba wa dawa. Dawa ilikuwa kabatini, watu hawakuinywa.

Hata hivyo, nisingependa kumwangushia mwenye simu mzigo wote. Tukirudi Uluguru tutaona kwa nini. Mito inayotoka katika milima ile huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam. Mkazi wa Sinza anaweza kuchemsha maji, anaweza kuchuja, lakini hawezi kwenda kuzuia matope yasiingie mtoni huko juu. Baina yake na chanzo kuna mashamba, kuna vijiji, kuna mitambo, kuna mabomba. Akichelewa mmoja wao, bomba la Sinza linatoa tope, na wa Sinza hana la kufanya.

Kiraka cha simu nacho kina safari kama hiyo. Kwanza kinaandikwa na wenye kiini. Kisha kinachukuliwa na Google, ambayo tangu Agosti 2015 hutoa taarifa ya usalama ya Android kila mwezi. Halafu kinakwenda kwa mwenye kutengeneza chipu, maana kila chipu ina vipande vyake vilivyoongezwa kwenye kiini. Kutoka hapo kinakwenda kwa kampuni iliyoweka jina lake nyuma ya simu. Mwisho ndipo kinafika kwako. Kampuni ya mwisho ikiamua kwamba simu ya bei nafuu ya mwaka juzi haina faida tena kuihudumia, mto unakaukia hapo. Chanzo kinatiririka, lakini bomba lako ni kavu.

Kuna kisa kinachoeleza vizuri jambo hili. Mwaka 2019 lilijulikana tundu katika kipande cha kiini kinachotumika kwenye chipu nyingi za MediaTek, chipu ambazo zimo katika simu nyingi za bei nafuu, zikiwemo zinazouzwa Afrika. Tundu hilo lilimwezesha mtu kuwa mwenye nyumba kwa maelekezo machache tu. MediaTek ilikuwa na kiraka mwezi Mei 2019. Lakini kuwa na kiraka siyo kukifikisha. Wenye majina ya simu wengi hawakukipeleka kwa wateja wao. Mwezi Januari 2020 watafiti walieleza kwamba wamekuta programu haramu zinazolitumia. Ilifika Machi 2020 ndipo Google ikaliweka katika taarifa yake ya mwezi, ili kuwasukuma watengenezaji. Hesabu mwenyewe, ni miezi kumi. Mwenye simu ya bei kubwa aghalabu hasubiri hivyo. Anayesubiri ni yule aliyelipa kidogo, na huyo ndiye ambaye akiibiwa shilingi laki mbili ameibiwa mtaji wote.

Sasa nisikilize upande wa wale wanaobonyeza "baadaye", kwa sababu nao wana hoja. Wa kwanza anasema sasisho linakula bando. Ni kweli. Sasisho la mfumo linaweza kuwa kubwa kuliko bando la wiki la mtu wa kipato cha chini. Wa pili anasema simu imejaa, haina nafasi. Nalo ni kweli. Wa tatu anasema, jirani yangu alisasisha, simu ikawa nzito. Hilo pia hutokea, hasa mfumo mpya mzima unapowekwa kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo. Lakini mara nyingi sasisho la usalama la mwezi ni dogo, halibadilishi sura ya simu, linaziba matundu tu. Inafaa kusoma kilichoandikwa kabla ya kukataa.

Wa nne ana hoja nzito zaidi. Anasema hayo masasisho yenyewe huvunja mambo. Naye atanikumbusha tarehe 19 Julai 2024, wakati kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilipotuma sasisho lenye kasoro kwa programu yake inayofanya kazi ndani ya kiini cha Windows. Kompyuta kama milioni 8.5 zilizimika. Ndege zikakwama viwanjani, hospitali na benki zikasimama. Siwezi kulipuuza hilo. Anayegusa kiini anagusa moyo, na mkono ukitetemeka mgonjwa huanguka. Lakini somo la siku ile ni kwamba sasisho lijaribiwe kwenye mashine chache kwanza kabla ya kutumwa kwa zote, na kwamba ofisi iwe na nakala ya kumbukumbu zake mahali pengine. Halikuwa somo la kuacha kusasisha. Daktari akikosea katika upasuaji, hatufungi hospitali.

Ndugu msikilizaji, katika milima ile ile ya Uluguru kuna historia inayoweza kutufundisha. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo unaporomoka na mito inachafuka. Ikaanzisha mpango wa kutumia ardhi na kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kuukinga mlima usimomonyoke ni jambo la maana. Lakini wananchi hawakuelezwa wakaelewa, walitozwa nguvu na siku zao, na sehemu nyingine matuta yalifukua udongo usio na rutuba, mazao yakapungua. Mwaka 1955 watu wakakataa. Kukatokea ghasia Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akapoteza maisha. Mpango ukafa.

Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 2000, ulifanyika mradi katika milima hiyo wa namna nyingine. Wakulima walioshika hifadhi ya udongo, kwa matuta na kupanda miti, walilipwa kwa kutunza maji yanayotumiwa na watu wa chini. Waliochangia malipo walikuwa watumiaji wa maji yenyewe, ikiwemo DAWASCO ya wakati huo. Kazi zilifanana, mlima ulikuwa ule ule, lakini mapokezi yalikuwa mbali mbali. Nani anaeleza, nani anatoa jasho, nani anafaidi, nani analipa? Maswali hayo manne ndiyo yanayoamua kama watu watautunza mlima au watatupa majembe. Na nathubutu kusema ndiyo yanayoamua kama watu watasasisha simu zao.

Kwa hiyo nianze na wewe mwenye simu. Fungua mipangilio ya simu yako leo, utazame tarehe ya marekebisho ya usalama. Ikiwa ni ya miezi michache iliyopita, uko pazuri. Likija tangazo, lipakue mahali penye intaneti isiyokula bando lako, simu ikiwa na chaji ya kutosha, nawe ukiwa umeshahifadhi picha na majina mahali pengine. Kisha izime na kuiwasha inapokuomba. Hilo la kuzima na kuwasha lina maana kubwa. Kiini kikishaanza kazi kinakaa kwenye kumbukumbu mpaka simu izimwe. Ukipakua kiraka usiwashe upya, umenunua bati jipya ukaliegemeza ukutani huku mvua ikikunyea kwa paa la zamani.

Na jihadhari. Sasisho la kweli la mfumo linatoka ndani ya mipangilio ya simu yenyewe. Haliji kwa ujumbe wa WhatsApp wala kwa kiungo kilichotumwa na namba usiyoijua. Wezi wameshajua kwamba tunahimizana kusasisha, nao hutengeneza masasisho ya uongo.

Ikiwa simu yako imeachwa na mtengenezaji, kama ile ya mweka hazina wa Kinole, usiitupe, bali ipunguzie mzigo. Itumie kwa muziki, habari na salamu. Usiweke humo programu za kutoka vichochoroni. Laini yenye fedha, hasa fedha za kikundi, iweke kwenye kitochi cha kawaida kisichopokea programu. Huduma za fedha kwa kupiga namba zenye nyota na reli zinafanya kazi humo vizuri tu. Nilimshauri hivyo mama yule, na gharama yake ni ndogo kuliko kuwaeleza wanachama thelathini kwamba kasha limekutwa tupu.

Pili, niseme na wakuu wa ofisi, za serikali na za watu binafsi. Kuna wataalamu wa kompyuta wanaojivunia kwamba seva yao haijazimwa miaka mitatu. Zamani hiyo ilikuwa sifa. Leo mara nyingi maana yake ni kwamba kiini kilichomo ni cha miaka mitatu iliyopita. Kuna ofisi zinazotumia nakala za Windows zilizowekwa mtaani, ambazo aliyeziweka amezima masasisho zisije zikagunduliwa. Na wapo wanaotumia matoleo yaliyofikia mwisho. Windows 7 iliachwa Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Katika kompyuta hizo yamo mafaili ya ardhi, ya wagonjwa, ya mishahara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Hawezi kusema analinda ghala ilhali dirisha la nyuma halina komeo. Kitengo cha TZ-CERT, kilichoko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hutoa tahadhari juu ya matundu kama haya. Ofisi iwe na mtu ambaye kazi yake ni kuzisoma na kuzitekeleza, kwa tarehe maalumu, siyo akikumbuka.

Tatu, niseme na wenye mamlaka. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima. Watu walilalamika, lakini tukajifunza kupiga *#06# na kuhakiki simu kabla ya kulipa. Tuliweza. Basi tunaweza kupiga hatua nyingine. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji wa simu aseme wazi ni kwa muda gani itapata masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unawataka watengenezaji watoe masasisho kwa miaka isiyopungua mitano tangu walipoacha kuuza aina hiyo ya simu. Kampuni hizo hizo zinaleta simu hapa. Ikiwa zinaweza kuweka ahadi kwa mnunuzi wa Lyon, kwa nini zisiweke kwa mnunuzi wa Morogoro? Tunaandika kwenye kopo la maziwa siku ya mwisho kutumika. Na kwenye boksi la simu iandikwe tarehe ya mwisho wa masasisho, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Mnunuzi akijua kwamba simu ya bei ndogo imebakiza miezi minne, atapatana bei akijua anachopatana.

Nne, kampuni za simu. Nyinyi mnafaidi kila shilingi inayopanda na kushuka mlima. Mteja akitekwa, imani ya watu inayoporomoka ni ya huduma yenu. Basi masasisho ya usalama yapakuliwe bila kukata bando, hata ikiwa ni usiku wa manane mitambo inapokuwa haina kazi nyingi. Kama wa mjini waliweza kumchangia mkulima wa Uluguru kwa kuwatunzia maji, anayefaidi mtandao anaweza kumchangia mkulima huyo huyo kuutunza mtandao.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika mambo haya ufa uko ndani ya ukuta usiouona, na udongo wa kuuziba uko mikononi mwa watu usiowajua. Kwa hiyo uzibaji ni kazi ya wengi. Anayeandika kiraka aandike, anayekibeba akifikishe, anayetawala asimamie, na wewe unayekipokea usikirudishe mlangoni. Mara nyingine maneno yale machache yakitokea kwenye kioo, kabla ya kubonyeza "baadaye", kumbuka kwamba yupo mwingine ameshayasoma, naye hasubiri baadaye.